Hodi ku Mafiga

Mpaka leo kuna watu wanatucheka, sisi wanawake wa Kindu wa zamani zile, eti tulikaa matanga ya mtu ambaye hatukuwahi kumwona hata unyayo. Wacheke. Nimezika watu niliokula nao sahani moja na sikudondosha chozi, na huyu ambaye sikujua kama ni mrefu au mfupi nilimlilia hadi koo likakauka. Nikikumbuka walivyotufanyia, hasira bado inanipanda, na uzee wangu huu.

Mume wangu alikuwa mtia kuni kwenye garimoshi. Walitoka Kindu, wakapita Kibombo na Kongolo, wakafika Kabalo, wakarudi. Siku tano, sita, hayupo, na akirudi ana masizi hadi ndani ya masikio. Tulikaa kwenye site, mtaa wa watu weusi, nyumba ya reli yenye vyumba viwili, pamoja na mama yake mzazi. Pale sokoni, katikati ya site, Wazungu walikuwa wamesimamisha mlingoti wa chuma na juu yake wakafunga pembe kubwa ya kutolea sauti ya redio. Jina lake la Kifaransa lilitushinda. Tukaiita Mdomo.

Mdomo ulifunguka kila siku saa kumi na moja jioni, wakati mwanamke yuko mbele ya moto wake. Mwanzoni ulitoa amri tu: fagieni, chimbeni vyoo, leteni watoto wapigwe sindano. Kiswahili chenyewe kama mtu anatafuna mawe. Kisha akaja yule bwana. Alisema kutoka kusini, Katanga, na sauti yake ikanaswa kwenye mashine katika kijumba cha serikali nyuma ya soko, ikapandishwa mlingotini. Jioni yake ya kwanza hakusema fagieni. Alisema:

"Hodi ku mafiga!"

Mafiga ni yale mawe matatu tunayotegeshea chungu. Sasa nisikilize vizuri. Watu hupiga hodi mlangoni, na mlango ni wa mwanamume. Chifu hakuwahi kuniomba ruhusa mimi. Katekista hakuwahi. Huyu akaja kuwaomba ruhusa wenye jiko, kisha akanyamaza kidogo, kama mtu aliyesimama nje anangoja. Jirani yangu, mama mmoja wa Kasai mwenye sauti ya tarumbeta, akajisahau akaitika, "Karibu!" Tulicheka hadi wali wangu ukaungua. Kesho yake tukaitika watatu. Mwezi haujaisha, site nzima, kuanzia kambi ya reli hadi kwa wavuvi wa Lualaba, ilikuwa inaitika kwa pamoja, "Karibuuu!" Na yeye, kama vile ametusikia, anasema, "Asanteni mama zangu, nimeingia."

Miaka mitatu aliingia hivyo. Alisoma barua za watu, alitangaza misiba, alitania, alieleza habari za bei ya mchele na mawese. Na amri za Bulamatari, yaani serikali, alizisoma pia, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa. Ila alikuwa na ujanja wake. Amri ikiwa ya maana, aliisoma na kutufafanulia. Ikiwa ya upuuzi, au ya kutuonea, aliisoma neno kwa neno bila kupumua, halafu akamalizia, "Hivi njo walivyonipa kusoma." Yaani ndivyo alivyopewa, basi. Hakuongeza kitu. Jikoni tulitazamana tukaguna. Mzungu angemkamata kwa kosa gani? Mtu amesema amepewa karatasi, na kweli amepewa karatasi.

Msimu mmoja wa mvua akaanza kukohoa. Hodi ku mafiga, kimya, kikohozi kikavu mara mbili, kisha asanteni mama zangu. Tukahangaika. Mama wa Kasai alisema achemshiwe mchaichai, mwingine akasema apakwe mawese ya moto kifuani. Baada ya hapo habari zikaanza kusomwa na mtu mwingine asiye na chumvi, lakini hodi na asante zikabaki za mgonjwa wetu. Tukasema sawa, wamempunguzia mzigo.

Mama mkwe wangu peke yake hakuridhika. Alikuwa mwanamke mkavu wa Kibombo, haniachii hata kijiko nikishike kwa amani. Jioni moja akaniambia, "Huyu mutu anakohoa kila siku palepale. Hodi, koho-koho, asante. Kifua gani kinahesabu?"

Nikamjibu, "Mama, acha maneno. Kifua kikiuma njo vile."

Nilimjibu kwa jeuri, na nilikosea. Siku mbili baadaye mume wangu alirudi safari. Ilikuwa alasiri, nikampa maji akaoga, nikampa wali na sombe, majani ya muhogo. Niliona viganja vyake vina malengelenge yaliyopasuka. Nikauliza, kuni za safari hii zilikuwa na miiba? Akasema, "Si kuni. Nitakueleza, nimalize kwanza kula." Hakumaliza. Mdomo ukafunguka.

"Hodi ku mafiga!"

Mimi na site nzima, "Karibuuu!"

Mume wangu akaangusha tonge. Alinitazama kana kwamba nimetukana. Kikohozi kikapita, asanteni ikapita, na yeye bado ameshika hewa pale tonge lilipokuwa.

"Umemwitikia nani?" akaniuliza.

"Si yeye? Bwana wetu."

"Mama watoto, ule mutu alikufa. Leo siku ya sita. Alikuwa anarudishwa kwao mugonjwa, akakata roho palepale Kabalo, kwenye stesheni. Sisi watu wa garimoshi njo tulimuchimbia. Angalia." Akanyoosha viganja. "Mikono hii njo ilimufukia."

Nilikaa chini. Siku sita! Siku sita nimekuwa nikimkaribisha maiti jikoni kwangu, na watoto wangu wamelala hapo karibu. Kwetu hata mtoto mdogo anajua: ukisikia sauti ya mfu inakuita, hujibu. Ukijibu umemfungulia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilingoja anisute. Akasema tu, "Walimuweka kwenye sahani," maana yake sahani ya santuri. "Nilisema mimi. Kifua hakihesabu."

Hapo ndipo kilio kilipoanza, na hasira ndani yake. Maana tuliielewa mara moja sababu. Huyu mtu tulimwamini. Akisema leteni watoto, tuliwapeleka. Mdomo bila yeye ulikuwa chuma tu. Kwa hiyo amekufa, wakaona hasara, wakasema aendelee kutumwa hata akiwa kaburini. Mtu mweusi hapewi likizo hata ya kufa! Mama wa Kasai alipopata habari alifungua kitambaa cha kichwa akajitupa uwanjani kwangu, na kabla jua halijazama wanawake arobaini au zaidi walikuwa wameketi kwenye mikeka yetu, nywele wazi, wanalia. Matanga yakawa yameanza bila kupangwa.

Asubuhi wakaja polisi wawili na karani wa serikali, mtu mweusi mwenzetu, suruali imenyooshwa hadi inakata. Akauliza, "Ruhusa ya matanga iko wapi? Na nani njo mwenye musiba?" Maana sheria ilikuwa hiyo: matanga yanataka karatasi, na karatasi wanapewa ndugu wa damu. Tukamwambia ni nani aliyekufa. Akacheka. Akasema, mnamlia mtu ambaye anawasalimia kila jioni? Nani amewadanganya? Mume wangu akasimama mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Akasema, "Mimi. Na sikudanganya." Wakamchukua vilevile, kifua wazi, hawakumpa hata nafasi ya kuvaa shati.

Nilifunga kibwebwe nikaenda ofisini kwao. Bwana mkubwa wa Kizungu alikuwa mezani, hakuniangalia sana, alisema Kifaransa na karani akakigeuza Kiswahili. Maneno yenyewe yalikuwa haya. Mume wangu ametangaza kifo cha uongo na kuwachochea watu. Atapelekwa gereza la mbali, na kazi ya reli imekwisha, na nyumba ya reli tutatoka. Lakini serikali ina huruma. Kesho jioni, Mdomo ukifunguka, mimi nisimame chini ya mlingoti mbele ya watu wote, wasikie hodi, waitike, kisha niseme kwa kinywa changu: mume wangu alikuwa amelewa, mtu yule ni mzima. Nikisema hivyo, jioni ileile mume wangu analala kwake.

Nikauliza, "Na nisiposema?"

Karani akaniuliza na yeye, bila kumgeuzia Mzungu, "Wewe mama, ule mutu ni nani yako? Ni baba yako? Ni kaka yako? Unaharibu nyumba yako sababu ya sauti?"

Nikamwambia, "Bwana karani, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ule aliingia jikoni kwangu miaka mitatu. Hesabu mwenyewe ni nani yangu."

Akatazama wino wake. Kumbe na yeye alikuwa na mke nyumbani, na mke wake alikuwa akiitika kama sisi. Aliniacha nipite kwenye dirisha la kasho, kile chumba cha kufungia watu, nimwone mume wangu. Nilidhani ataniambia nimwokoe. Mtu mwenyewe akaniambia, "Usinikanie kaburi. Nilichimba."

Ah, nilimkasirikia! Wanaume hawa! Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa umefungiwa, nani atawalisha watoto? Nilitembea njia nzima nikigombana naye kichwani. Kusema uongo wa neno moja, mume arudi, nyumba ibaki. Nani angenilaumu? Usiniambie kwamba sikufikiria. Nilifikiria sana, na neno lenyewe nikalijaribu kinywani njiani: alikuwa amelewa, alikuwa amelewa. Lilikaa vizuri tu, na hilo njo lilinitisha.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anapeta mchele. Nikamweleza yote, kwa kuwa ni mwanawe. Hakulia. Alipeta, akapuliza makapi, akasema, "Wewe ulipoitika karibu, kwanza uliuliza?"

"Niulize nini?"

"Mimi kwa mama yangu nilifundishwa hivi. Ukisikia hodi na hauone mutu, hauseme karibu. Unauliza: nani? Mutu muzima atataja jina. Muzimu hauna jina la kutaja, utanyamaza ao utasema kingine." Akanikabidhi ungo. "Maliza hapo."

Kesho yake saa kumi na moja soko lilijaa. Kulikuwa na walioletwa na waliokuja wenyewe. Bwana mkubwa alikuja na kofia yake nyeupe, polisi wakasimama pembeni, na mume wangu akaletwa, amefungwa mikono mbele, ili watu wamwone mwongo. Malengelenge yalionekana. Karani akatangaza kwamba sasa kila mtu atasikia kwa masikio yake kama yule bwana amekufa au la, halafu mke wa huyu atasema neno. Nikasimama chini ya mlingoti. Niliwatazama watoto wangu mgongoni na mkononi kwa mama mkwe, na bado sikujua nitasema lipi kati ya mawili.

Mdomo ukakwaruza.

"Hodi ku mafiga!"

Jinsi alivyolisema! Kwa upole uleule, kama mtu anayeinama asigonge kichwa kwenye paa la jiko. Nikaona ni aibu kumwacha huyu mtu wa watu asimame nje hivi, anatumwa, anatumwa, hawezi hata kulala. Watu walikuwa wameshavuta pumzi waitike kama desturi. Nikawatangulia. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, kichwa nimekielekeza juu:

"Nani?"

Karibu zao zikakatika midomoni. Mama wa Kasai, Mungu ampe pepo, ndiye wa kwanza kuelewa. Ile tarumbeta yake ikapiga, "Nani? Jitaje!" Na nyuma yake soko zima, wanawake, wavuvi, wapagazi wa bandarini: "Nani? Nani weye?"

Koho-koho, ikajibu pembe. "Asanteni mama zangu, nimeingia."

Hata polisi alikuwa ametazama juu, mdomo wazi. Hakuna aliyemkaribisha na ameingia. Hakuna aliyemjibu na ameshukuru. Yule bwana, ambaye alikuwa na adabu kuliko watu wote niliowahi kuwasikia, angefanya hivyo? Mtu mmoja akacheka, kicheko kibaya, kisha mwingine, soko zima likacheka kwa uchungu, na kicheko kikageuka kilio papo hapo. Nikamgeukia karani nikamwambia, "Mwambie bwana mkubwa hivi: njia ya mwongo ni fupi. Leo imeishia hapa chini ya mlingoti. Mume wangu hakunywa." Sijui aliligeuza vipi. Najua uso wa Mzungu uliiva kama mawese, akaingia kwenye kijumba cha mashine mwenyewe, na Mdomo ukafungwa katikati ya neno.

Tuliketi palepale chini. Siku tatu tulikaa matanga ya mwenzetu kwenye vumbi la soko, tumeleta mikeka, tumeleta vyungu, mafiga tukayapanga kuzunguka mlingoti, na hakuna aliyetuuliza karatasi. Polisi walipita mbali. Siku ya tatu mume wangu akatolewa, amepewa karatasi kwamba amesamehewa. Amesamehewa nini? Mpaka anakufa hakuambiwa. Alirudi kwenye kuni zake, lakini walimhamisha kwenye treni za usiku, akabaki huko miaka. Aliniambia mara moja tu, wakati wa kula, "Ulipiga kelele vizuri." Na mimi nikamwambia yeye na ushujaa wake aoshe mikono.

Sahani ile haikurudi tena. Lakini nisikudanganye kwamba tulishinda. Kifo chenyewe hakikutangazwa. Mtu aliyetangaza vifo vya wengine miaka mitatu hakupata mstari mmoja. Wiki zikapita, Mdomo unasoma amri tu, na sisi tunapika tumeupa mgongo. Kisha wakaleta sauti mpya, ya kijana, na wakubwa wake walikuwa wamemfundisha:

"Hodi ku mafiga!"

Jikoni kote, bila kupatana, tukajibu, "Nani?"

Maskini hakutusikia, yuko Katanga. Akajishukuru, akajiingiza. Kesho yake tena. Nani? Ikawa mchezo wa watoto, wakikutana njiani mmoja anasema hodi, mwingine anasema nani weye, wanakimbizana. Mimi sikucheka. Nilimwomba mwalimu mmoja aniandikie barua, maana mimi nilijua kusoma alama za magunia tu. Nikamwambia aandike hivi: Mwanangu, hapa Kindu tunakusikia, lakini mtu akipiga hodi anajitaja. Tena aliyekuwa akipiga hodi hiyo kabla yako alizikwa Kabalo, nyuma ya stesheni, na waliomzika wako hapa. Hatuwezi kukukaribisha juu ya mtu asiyeagwa. Mume wangu akaipeleka barua kwa mkono hadi Kabalo, wenzake wakaipeleka mbele.

Nilingoja. Nilikata tamaa. Mvua zikaisha.

Jioni moja nilikuwa natwanga sombe. Mdomo ukakwaruza, na kijana yule hakuanza na hodi. Alitaja jina lake. Akataja la baba yake na la mama yake, na kijiji alikozaliwa. Akasema, "Aliyewapigia hodi miaka mitatu alikufa. Amezikwa Kabalo. Alinifundisha kazi hii, na sikumulilia mahali popote." Kisha akasema, "Haya hawakunipa kusoma."

Mchi ukasimama mkononi mwangu. Nilisikia hata maji ya Lualaba.

"Hodi ku mafiga," akasema.

Nilimwacha angoje kidogo, kama anavyongoja mtu yeyote mwenye adabu. Nikafuta machozi kwa kiganja chenye sombe. Kisha nikamwambia karibu.